Mwitaji wa Gatini

Jumamosi, 24 Mei
Naanza kuandika leo kwa sababu mwaka jana nilivua samaki, shedi mrefu kama mkono wangu, na Durban nzima hakuna aliyeniamini. Safari hii kila samaki ataingia humu, na tarehe yake na shahidi wake. Mimi Ameir, mtoto wa Makorora, Tanga, niliyefika Piraeus, Santos na Karachi, siwezi kuitwa mwongo na watu ambao safari yao ndefu ni taxi ya Pinetown. Shule niliishia darasa la sita. Mwandiko nimeujulia melini, kwa kuandika majina kwenye makasha. Atakayesoma avumilie.

Leo shedi wawili. Mmoja alikuwa mtoto, nikamrudisha kwa mama yake.

Jumapili, 25 Mei
Upepo. Sikuvua kitu ila mafua.

Jumamosi, 31 Mei
Sadini bado. Wanasema wameonekana mbali huko kusini. Maji yakipoa watapanda kuja kwetu, na shedi watawafuata nyuma, na hapo mtu asiniulize habari za kazi. Bosi wangu wa matairi kule Pinetown anajua kwamba mwezi wa sita huwa naumwa sana.

Niandike habari za gati letu. Ni jembamba, na nyuma yetu hupita watu wa kila aina: wakimbiaji, mabibi na mbwa wao, watoto na aiskrimu. Mvuvi akitaka kurusha mshipi lazima airudishe fimbo nyuma kwanza, na kwenye mshipi kuna chubwi, donge la risasi zito kama yai. Chubwi halimjui bibi wala mtoto. Lakini msimu wa sadini mvuvi hataki kutoa macho majini hata kidogo. Ndiyo maana mimi niliwaletea utaratibu wa melini. Mtu mmoja anaipa bahari mgongo, anaangalia njia. Kukiwa na mtu anaita "tulia". Njia ikiwa tupu anaita "wazi", na mwenzake anarusha bila kugeuka. Kazi hiyo ni yangu, kwa kuwa sauti yangu inasikika mpaka Msumbiji. Hata Anko Segren, mzee wa Kihindi anayeongoza wavuvi pale, siku hizi anaisubiri "wazi" yangu kwa Kiswahili.

Anayeiamini kuliko wote ni Nzeyimana, kinyozi, Mrundi, mtu mpole mpaka inaudhi. Anasimama kwenye reli ya mwisho, fimbo begani, uso baharini, kama askari anayelinda ikulu. Leo nilimtania kwamba siku moja nitasinzia. Akasema, "Mi nikisikia we umeita, kaka, ni kama nimeona na macho yangu."

Jumapili, 1 Juni
Leo tumepata wageni. Vijana wenye fulana za bluu, ngoma na kipaza sauti, wanaopinga uvuvi. Walituita wauaji. Mmoja alimkatia mshipi Ephraim, Mtanzania mwenzangu wa Mbeya anayeuza kava za simu, kwa mkasi kabisa, kama anakata utepe wa kufungua benki. Mwingine alimwaga ndoo ya Anko Segren. Mwingine akatema mate karibu na viatu vya Nzeyimana. Nzeyimana akasogeza viatu.

Ephraim alitaka ngumi. Tulimshika watatu.

Jumatano, 4 Juni
Kikao cha Anko Segren kwenye maegesho ya magari. Wakija tena, yeye atapuliza filimbi. Kila mtu akunje mshipi, alaze fimbo chini, akalie ndoo yake, anyamaze. Mmoja apige video, mwingine apigie polisi. Hakuna kujibu, hakuna kugusa mtu, na hakuna fimbo hewani hata moja mpaka waondoke. Alisema amevua hapo tangu ujana na hataki kumzika mtu kwa sababu ya samaki, wala kumzikisha mtu.

Nikamwambia Anko, mimi nimekabiliana na maharamia. Akaniuliza wapi. Nikasema ni habari ndefu.

Jumamosi, 7 Juni
Wamekuja. Filimbi ikalia, watu wakakalia ndoo kama wanafunzi wa chekechea. Mimi ndoo ilinichoma matako. Mwenye kipaza sauti aliniuliza ningejisikiaje na ndoana mdomoni. Nikamjibu kwamba nimeshang'olewa jino na daktari wa Kigiriki, ndoana si kitu. Wavuvi wakacheka chini chini, nami nikicheka na watu sijui kuacha. Nikasimama, nikanyoosha mkono kama narusha, wala fimbo sikuwa nayo, nikaita: wazi! Mstari mzima wa mbele ukainama. Mmoja aliangusha ngoma, ikabingirika hadi miguuni kwa Ephraim. Gati zima lilikufa kwa kicheko.

Baadaye Anko Segren alinitazama tu, akatikisa kichwa. Nzeyimana alinivuta pembeni. "Kaka, lile neno si la kucheza." Nikamwambia Warundi nao wajaribu kucheka hata siku zisizo za sikukuu.

Jumatatu, 9 Juni
Video imefika mpaka dukani kwetu. Mafundi wote wananiitia "wazi". Nimekuwa maarufu, eish, na sijavua hata samaki wa kuandika.

Alhamisi, 12 Juni
Baridi nzuri. Maji yamegeuka rangi.

Jumapili, 15 Juni
Nataka kuiandika jana, na mkono hautaki.

Asubuhi sadini waliingia. Bahari kando ya gati iligeuka nyeusi, ndege wakawa wanashuka kama mawe, shedi wanaruka nyuma yao. Mwaka mzima tunaisubiri asubuhi kama hiyo. Nzeyimana alikuwa anatia chambo upya pale ngoma ziliposikika. Safari hii walikuwa wengi, na waliingia wakikimbia, wakajaa nyuma yetu karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Anko Segren akapuliza filimbi. Watu wakaanza kukunja mishipi na kukalia ndoo.

Nzeyimana hakukaa. Alikuwa kwenye reli yake ya mwisho, uso baharini, fimbo ameshaipandisha begani. Ndege na ngoma vilikuwa vinapiga kelele pamoja, sijui kama filimbi aliisikia. Ninachojua ni alichokuwa anasubiri.

Mwenye kipaza sauti alinitambua. Akawaambia wenzake kwa Kiingereza, yule pale ndiye kikaragosi wao. Wakacheka. Safari hii nilikuwa nachekwa mimi. Nikatafuta jibu, halikuja, na wavuvi walikuwa wananitazama kutoka kwenye ndoo zao, wakisubiri. Basi nikarudia ya wiki iliyopita. Nikanyoosha mkono, nikaita kwa sauti yote niliyopewa na Mungu: wazi.

Wa mbele wakainama. Nikaanza kucheka. Bado nacheka, nikasikia fimbo ya Nzeyimana inapita hewani.

Chubwi likimpata mtu halitoi sauti kubwa. Alikuwa binti wa Kihindi, mwembamba, ana bango lenye picha ya pweza. Hakuinama, kwa sababu alikuwa ameshageuka kumwinua mwenzake aliyejikwaa. Lilimpata chini ya sikio. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha akalala.

Nzeyimana akageuka. Hakumtazama binti. Alinitazama mimi, kama mtu anayesubiri aelezwe.

Hapo ndipo walipomvamia. Walimvunjia fimbo mgongoni. Walimpiga mateke, halafu watatu wakamwinua juu ya reli, na mkono wake mmoja ukanasa kwenye chuma huku mwili uko nje, na chini ni mawe, si maji. Niliruka. Nilimshika mkanda wa suruali, nikamlalia, ngumi na mabango vikanishukia mimi. Anko Segren na wengine walikuja na ndoo zao mbele kama ngao, hawakupiga mtu, walisukuma tu, hatua kwa hatua, mpaka polisi wakafika.

Polisi waliuliza nani amempiga binti. Vidole vyote vikaenda kwa Nzeyimana. Yeye alisema kwa Kiingereza chake, "Sikutazama nyuma." Wakamchukua, mtulinga umevunjika, mkono unaning'inia.

Mimi nilikuwa nimekaa chini, mdomo umepasuka. Askari mmoja alinipa chupa ya maji, akasema nimeokoa maisha ya mtu. Nikanywa maji.

Jumatatu, 16 Juni
Sikukuu, duka limefungwa. Simu haikunyamaza. Watu wa Tanga, watu wa Bujumbura, Wakongo wa sokoni, wote wanasema Ameir simba. Nilisema asante, asante. Kwa mmoja nilisema walikuwa wanane walionipiga. Walikuwa watatu au wanne.

Jumatano, 18 Juni
Nzeyimana ameachiwa kwa dhamana. Kesi ni tarehe nane mwezi ujao: kumjeruhi mtu kwa makusudi. Ephraim anasema akitiwa hatiani, hadhi yake ya ukimbizi inaweza kuingia matatani. Nyumbani kwao hawezi kurudi. Kaka zake waliorudi hawakupiga simu tena.

Nami karatasi yangu ya kuomba hifadhi iliisha muda zamani, na sikuwahi kwenda kuihuisha. Nikisimama mahakamani, swali la kwanza litakuwa hilo. Naandika hili ili lionekane kama sababu. Ukilisoma tena halionekani.

Alhamisi, 19 Juni
Libérate, mke wa Nzeyimana, amekuja mpaka kwangu Chatsworth na sufuria ya maharage na ndizi, imefungwa kwa kitenge. Kabadilisha taxi mbili. Alinishika mikono yote miwili, akasema Mungu aibariki mikono hiyo iliyomshika mume wake. Nilimkaribisha kiti, akasema hakai, mteja wa mboga anamngoja.

Nilikula sufuria yote. Sijui kwa nini. Nilikula kama ninaficha ushahidi.

Jumapili, 22 Juni
Sadini wamejaa, watu wanawachota kwa ndoo na kwa sketi. Nilikwenda gatini, nikakaa mwisho bila fimbo. Kijana mmoja wa Kizulu alirudisha fimbo nyuma, akaniangalia, akangoja niite. Nikamwambia atazame mwenyewe.

Anko Segren alikaa karibu nami. Alikwenda kwa wazazi wa binti, Queensburgh, kuomba radhi kwa niaba ya wavuvi. Anaitwa Nerisha, ni mwanafunzi, anasomea mambo ya bahari. Sikio la upande ule madaktari hawana matumaini nalo. Mama yake aliuliza jambo moja tu: yule mtu alimchukia nini mtoto wangu. Anko alisema yeye alikuwa anapuliza filimbi, mengine hakuyasikia.

Aliniuliza kama mimi nilisikia kitu. Nikamwambia anisamehe, nina taxi ya kuwahi.

Jumanne, 24 Juni
Matairi.

Jumamosi, 28 Juni
Leo nimekwenda kwa Nzeyimana. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu atoke. Nilijiambia nampelekea shedi, ingawa nilimnunua.

Amekaa kitandani, mkono kifuani kwenye kitambaa, ndevu zimeota. Kinyozi mwenye ndevu, nilitaka kumtania, nikaona nikimtania nitalia. Libérate alitoka kwenda dukani kutafuta soda ya mgeni. Tulipobaki wawili akasema:

"Kaka, niko nakuuliza kitu. Usinicheke."

"Uliza."

"Siku ile mi nilisikia wazi. Nilisikia vizuri kabisa. Sasa nimetazama video zao zote, iko ngoma tu, iko kelele tu. Libérate anasema pengine ni shetani, ama ni kichwa changu tangu vita. Niambie we. Uliita?"

Alikuwa ananitazama vilevile kama pale gatini. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na ni fupi.

"Kulikuwa na kelele nyingi sana siku ile, ndugu yangu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mgonjwa aliyeambiwa na daktari kile alichokuwa anakiogopa. Akasema, "Basi ni kichwa." Akasema itabidi aache hata kunyoa watu, wembe si wa mtu anayesikia vitu visivyokuwepo.

Libérate akarudi na soda. Nikainywa.

Jumapili, 29 Juni
Nimefika bandari nyingi na nimefanya mengi ambayo mama yangu asingependa. Niliiba rangi ya meli. Nilimdanganya mwanamke wa Santos kwamba mimi ni kapteni. Hakuna hata moja nililomfanyia mtu kama hili la jana. Sikio la Nerisha nililiharibu kwa kutaka kuchekesha. Kichwa cha Nzeyimana nimekiharibu nikiwa nimekaa, nimetulia, nina soda mkononi.

Jumatatu, 30 Juni
Sikwenda kazini. Bosi anadhani ni sadini.

Alhamisi, 3 Julai
Ephraim amenipitia. Tulizungumza mpira, tukazungumza bei ya kava, halafu akiwa anavaa viatu akasema yeye alisikia. Alikuwa kwenye ndoo ya pili kutoka kwangu. Akasema nisiwe na wasiwasi, Mtanzania hamchomi Mtanzania, hata kwa Libérate hatatamka.

Nilitegemea nitapumua. Badala yake nilimwonea Ephraim kinyaa, mtu aliyekuja kwa wema, na nilijua kinyaa hicho ni cha nani.

Jumatano, 9 Julai
Jana mahakamani. Nilivaa suti ya Piraeus, haifungi tena tumboni.

Nilimkuta Nzeyimana kwenye korido na Libérate, na wakili wa utetezi aliyepewa na serikali, mama mmoja mwenye mafaili mpaka kidevuni. Kulikuwa na mkalimani Mkongo, Boniface. Nerisha alikuwa ng'ambo ya korido na mama yake. Kila mama yake aliposema neno, alizungusha kichwa kizima kumpa sikio zima.

Wakili alikuwa anamweleza Nzeyimana akubali kosa dogo, pengine atapata kifungo cha nje. Nzeyimana anaitikia kila kitu, kama mtoto. Nikasogea. Nikamwambia Boniface afasiri, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuuzia tairi, na hili nilitaka liende lilivyo.

Nikasema: pale gatini hakuna anayerusha mshipi mpaka mtu aite kwamba nyuma ni salama. Mwitaji ni mimi. Siku ile nyuma palikuwa pamejaa watu na mimi niliwaona. Nikaita kwamba ni salama, ili watu wacheke. Yeye akarusha kwa neno langu. Hakusikia shetani. Alinisikia mimi.

Boniface alifasiri mpaka katikati, akasimama, akaniuliza kwa Kiswahili kama nina hakika. Nikamwambia amalizie.

Kelele za korido ziliendelea, hakuna aliyepiga ukelele, hakuna aliyeanguka. Wakili aliweka mafaili chini. Libérate aliitazama mikono yangu. Nzeyimana akasema kwa sauti ndogo:

"Na Jumamosi ile, nilipokuuliza?"

"Niliogopa."

"Mimi nimepigwa, mbavu zikauma, sikukukasirikia, sababu sikujua. Lakini we ulikaa kwenye kiti changu, ukaniona naogopa kichwa changu mwenyewe. Ungesema pale, kaka, hata pale tu."

Nikavuka korido kwenda kwa Nerisha. Nilisimama upande mbaya, nikazunguka nikasimama upande mzuri. Nilimwambia kwa Kiingereza cha tairi: sauti ilikuwa yangu, aliyerusha hakujua upo. Alinitazama. Aliuliza kama mimi ndiye niliyekuwa nacheka. Nikasema ndiyo. Akasema hicho alikisikia, ndicho kitu cha mwisho sikio lile lilichosikia. Mama yake akamshika mkono wakaingia ndani.

Nikaandika maelezo yangu polisi, jina kamili na la baba. Waliniuliza karatasi, nikawapa iliyokwisha. Afisa wa uhamiaji akanipa tarehe ya kuripoti ofisini kwao, na mkuu wa mashtaka ataamua baadaye wanifanye nini. Kesi ya Nzeyimana imefutwa mchana.

Alhamisi, 10 Julai
Simu imenyamaza. Anko Segren tu ndiye aliyetuma ujumbe: nisije gatini kwanza. Ameandika kwa herufi zote kubwa, lakini yeye huandika hivyo siku zote.

Jumamosi, 12 Julai
Wanasema sadini wameshapita, wamekwenda zao kaskazini.

Jumanne, 15 Julai
Jana nilikwenda kuripoti. Nilifika mapema, mstari umeshazunguka kona, nikajipanga nyuma ya kila mtu. Nilikuwa na begi dogo lenye nguo, ikiwa hawataniachia nirudi nyumbani. Mtu akanivuta mkono wa koti. Nzeyimana, mkono wake bado kifuani. Hakunisalimia.

"Hii mstari ni ya wapya. Ya karatasi zilizokufa iko huku, mlango wa chuma."

Amesimama kwenye mistari hiyo miaka mingi kuliko yeyote ninayemjua. Akatangulia, nikamfuata. Alisema neno la Kizulu kwa mlinzi, akaniweka mahali pangu, akamwonyesha mlinzi mimi ni nani. Nilimshukuru. Nikamwambia aende, wateja wake watamsubiri. Akasema, "Huu mkono umnyoe nani?" Akavuka barabara, akakaa kwenye ukingo wa lami, akatazama magari.

Ndani waliniuliza mengi. Wamenipa tarehe nyingine na karatasi yenye mhuri, nitakuwa huru mpaka hapo, baada ya hapo sijui. Nilipotoka jua lilikuwa limehama upande ule wote na yeye hakuwa amehama.

Hakuniuliza imekuwaje. Alisimama, akajifuta suruali kwa mkono mzima, akaanza kutembea kuelekea kwenye taxi. Yeye mbele, mimi nyuma na begi langu. Kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, ilikuwa kijani, watu wanavuka. Yeye alisimama pale ukingoni, hajageuka, mpaka nikamfikia.